Paa la Kukunja: Ujerumani, Uingereza na Marekani Zilivyofunika Magari ya Wazi

Fundi anayefufua gari la kale lenye paa la kukunja kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya turubai. Makala hii inapendekeza atangulize swali jingine: gari lilitengenezwa wapi, na waliolitengeneza walitarajia paa lifanye kazi gani?

Ujerumani: paa la kukaa mwaka mzima

Volkswagen Beetle ya wazi ilitengenezwa na kampuni ya Karmann mjini Osnabrück kuanzia 1949 hadi Januari 1980, na idadi yake ilipita magari 330,000. Paa lake ni nene kama godoro: juu turubai au vinili, katikati singa za farasi zilizoshikamanishwa kwa mpira, chini kitambaa cha dari kinachoficha fremu. Dirisha la nyuma ni la kioo halisi, si la plastiki. Ndani, baridi na kelele za upepo hupungua sana.

Unene huo una gharama. Injini ya Beetle iko nyuma, kwa hiyo hakuna nafasi ya kulizamisha paa. Likikunjwa hurundikana nyuma ya abiria na kumziba dereva anayetazama nyuma. Isitoshe, fremu ina vipande vya mbao vinavyopigiliwa turubai. Vikioza, hata turubai jipya halitashika.

Uingereza: paa la kujikinga manyunyu

Waingereza, pamoja na mvua zao zote, waliridhika na kidogo. MGA ya wazi, iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1962, haikuwa hata na vioo vya milango vya kupandisha. Mvua ikianza, dereva alichomeka viziba vya pembeni kwa mkono. MGB ya 1962 ilileta vioo vya kupandisha, lakini mnunuzi bado aliweza kuchagua paa la kung'oa, ambalo turubai na fremu yake viliondolewa kabisa na kuwekwa kwenye buti. Paa la namna hiyo ni jepesi na ni rahisi kulishona, ila upepo hupata pa kupenya.

Marekani: bonyeza kitufe

Ng'ambo ya Atlantiki, aliyekusudiwa ni mteja asiyetaka kushuka garini. Mwaka 1939 Plymouth ilitoa paa lililoendeshwa kwa nguvu ya ombwe, na baadaye pampu za haidroli zikawa za kawaida. Ford Skyliner ya 1957 hadi 1959 ilivuka mpaka wa turubai: paa zima la chuma lilijikunja na kuzama kwenye buti, likitegemea zaidi ya mita 180 za waya.

Hata hivyo, wazo la paa la chuma la kukunja si la Ford. Mfaransa Georges Paulin, daktari wa meno, ndiye aliyebuni paa la namna hiyo lililotumika kwenye Peugeot 601 Éclipse ya 1934.

Viyoyozi, pamoja na hofu ya sheria kali za usalama gari linapopinduka, vilipunguza hamu ya magari ya wazi Marekani. Cadillac Eldorado ya 1976 ilitangazwa kuwa ya mwisho, lakini Chrysler ikayarudisha kwa LeBaron ya 1982.

Mapendekezo kwa karakana

Leo kitambaa kinaweza kutoka kiwanda kimoja. Haartz ya Massachusetts, kwa mfano, hutengeneza turubai lenye mpira kati ya matabaka mawili ya nguo, na huuza Ulaya na Marekani. Tofauti imebaki kwenye mkato, mshono na fremu. Kwa hiyo turubai kuukuu lisitupwe kabla halijapimwa, kwa kuwa ndilo kielelezo cha mkato. Vinili iachwe juani ilainike kabla ya kuvutwa. Na anayeagiza paa la MGB aeleze kwanza kama fremu yake ni ya kukunja au ya kung'oa, maana turubai la moja halienei kwenye nyingine.