Baiskeli Nayo Inakula



Mitaani husemwa kwamba baiskeli haina gharama kwa sababu hainywi petroli. Anayesema hivyo hajawahi kuitegemea kwa riziki.

Juzi nilimkuta jirani yangu, muuza maziwa, ameketi kwa fundi. Madumu yamejaa, jua linapanda, cheni imekatika. Fundi akamwambia cheni peke yake haitasaidia: gia ya kwenye pedeli na ile ndogo ya nyuma zimeliwa meno, cheni mpya itakuwa inaruka. Alikuja na fedha ya kitu kimoja, akatakiwa kulipia vitu vitatu. Alipomaliza kukopa huku na huku, maziwa yalikuwa yameharibika.

Cheni haiishi kwa siku moja. Mchanga ukichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Pini zinalika, cheni inarefuka, kisha inaanza kutafuna meno ya gia. Kuijua hali yake hakuhitaji fundi. Rula ya mwanafunzi inatosha. Anzia katikati ya pini moja, pima inchi 12. Cheni ikiwa mpya, pini nyingine itakuwa hapo hapo kwenye 12. Ikivuka kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ikivuka kwa 1/8, ujue na gia zimekwisha kuumia. Katika nafasi hiyo ndogo ndipo ilipopotelea fedha ya jirani yangu.

Vingine ni vivyo hivyo. Tairi lenye upepo mdogo hupasuka ubavuni. Spoku moja ikikatika na kuachwa, uzito huwaendea wenzake, na rimu hupinda.

Mtaniuliza: "Bwana we, fedha ya unga haitoshi, ya cheni nitaitoa wapi?" Swali ni la haki. Lakini fedha hiyo utaitoa tu, upende usipende; unachoweza kuchagua ni siku ya kuitoa. Ukiweka shilingi 200 kila siku ya kazi, kwa siku 26 una shilingi 5,200. Si utajiri, lakini mafuta, viraka na raba za breki havitakushtua, na kinachobaki ni akiba ya cheni.

Nanyi matajiri mnaokodisha baiskeli, neno lenu lipo. Kupokea hesabu kila jioni, halafu tairi likiisha mkasema ni la kijana, huko ni kula pande zote mbili. Semezaneni mapema: kiraka ni cha nani, tairi ni la nani.

Bandu bandu huisha gogo. Baiskeli nayo inakula, ndugu zangu. Tuilishe kidogo kidogo, isije ikala mtaji wote kwa siku moja.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.