Betri ya Laptopu ya Kikundi: Tuijue, Tuitunze

Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Malindi na Kilifi

Twawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, wengine mkatoka mbali huko Ganze na Magarini, mkaja kusikiliza habari za betri. Mtu aweza kuuliza: je, betri ni jambo la kuitiwa mkutano? Sisi twasema ndiyo. Vikundi vingi siku hizi vina laptopu moja ya kuwekea hesabu za akiba na mikopo, na katika laptopu hiyo kitu kinachochoka kwanza ni betri. Hapo ndipo pesa za wanachama huanza kwenda bure: betri yanunuliwa kumbe ubovu ni wa chaja, au laptopu yatupwa kumbe ubovu ni wa betri peke yake.

Basi leo tuzungumze polepole. Kwanza, betri ni kitu gani. Pili, ni nini kinachoiua. Tatu, namna ya kutafuta ubovu. Nne, hatari zake. Na mwisho, jambo kubwa kuliko yote, usalama wa hesabu zetu.

BETRI NI KITU GANI?

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka feri ya Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Abiria walivuka kwenda ng'ambo, kisha feri ikawarudisha. Betri ya laptopu ni hivyo hivyo. Ndani yake mna chembe ndogo sana za madini yaitwayo lithiamu. Mkitumia laptopu, chembe zavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na katika kuvuka huko twapata umeme. Mkichaji, zarudishwa zilikotoka. Sasa, katika kila safari chembe chache hukwama njiani, mithili ya abiria aliyenasa kwenye tope la mikoko. Leo wachache, kesho wachache, mwisho feri yavuka nusu tupu. Ndiyo maana betri huzeeka hata kama hakuna aliyeiharibu.

Betri za namna hii zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka huo huo wa 1991. Wataalamu watatu waliozivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Tazameni kibandiko cha betri. Mtaona nambari ya volti, kwa mfano 11.1, maana yake ni seli tatu za volti 3.7 zilizofungwa pamoja. Mtaona pia nambari yenye herufi Wh, kwa mfano 45. Hiyo ndiyo ukubwa wa mtungi. Laptopu ikitumia wati 15, gawanyeni 45 kwa 15: mtapata saa tatu. Mkiongeza mwangaza wa kioo na kufungua programu nyingi, itatumia wati zaidi, na saa zitapungua. Huo si ubovu, ni matumizi tu.

NINI KINACHOUA BETRI?

Adui wa kwanza ni joto, nasi hapa pwani twalijua joto. Makampuni mengi yanayounda laptopu hushauri zisitumike mahali penye joto la kupita digrii 35. Fikirini chumba cha mabati saa nane mchana mwezi wa Machi. Fikirini laptopu iliyoachwa ndani ya gari lililofungwa vioo, limeegeshwa juani Malindi mjini. Wengine huiweka juu ya godoro au mto, na yale matundu ya chini ya kupumulia yazibwa. Iwekeni juu ya meza, au hata juu ya ubao. Kama ofisi ni ya makuti, mna bahati. Kama ni ya mabati, fanyeni kazi za kompyuta asubuhi na mapema.

Adui wa pili ni kuishi imejaa siku zote. Hapa wengi wetu twakosea kwa sababu tumezoea betri za sola za asidi. Betri ya asidi hupenda kujazwa mpaka juu, na huharibika ikiachwa nusu. Betri ya lithiamu ni kinyume: yapenda kukaa katikati. Laptopu inayokaa kwenye stima mchana na usiku, imejaa asilimia 100 na ni ya moto, huzeeka upesi. Laptopu nyingi za siku hizi zina mpango wa kuzuia chaji isipite asilimia 80. Mwambieni kijana anayejua aufungue.

Adui wa tatu ni kuachwa tupu. Kikundi kikifunga mwaka, laptopu hutiwa kabatini hata miezi mitatu. Ikiwekwa ikiwa tupu, betri huendelea kushuka mpaka mahali ambapo haikubali tena chaji. Kabla ya kuihifadhi, iacheni na chaji ya karibu nusu, muizime kabisa, na muitazame kila mwezi.

Na tuondoe neno moja la zamani. Mwasikia watu wakisema, "Betri mpya ichajiwe saa nane mfululizo, na kila mara uimalize kabisa ndipo uchaji." Ushauri huo ulikuwa wa betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu hauna faida, tena kuimaliza kila siku hupunguza maisha yake. Chajini mkipata nafasi, kidogo kidogo. Haina neno.

TUTAFUTE UBOVU WENYEWE

Laptopu ikikataa kuwaka au ikizima upesi, msikimbilie duka. Fuateni hatua hizi, moja baada ya nyingine.

1. Jaribuni soketi. Chomekeni taa au simu mahali pale pale. Kama mnatumia sola, hakikisheni kile kifaa cha kugeuza umeme kuwa volti 240 chaweza kubeba mzigo wa chaja. Chaja ya wati 65 kwenye kifaa dhaifu itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

2. Jaribuni chaja. Tazameni waya karibu na kichwa chake, maana hapo ndipo hukatika. Kichwa kikicheza ndani ya tundu, au chaji yaja ukishikilia tu, ubovu uko kwenye waya au tundu. Azimeni chaja nyingine iliyo sawa: volti zilingane kabisa, na ampea zisipungue. Baadhi ya laptopu hutambua chaja yake. Zikipewa ngeni huwaka lakini hukataa kuchaji betri.

3. Safisheni meno. Wenzetu wa Gongoni na Ngomeni, kwenye mashamba ya chumvi, mwajua upepo wa bahari hula mpaka misumari. Hula pia meno ya shaba ya betri. Kama betri yenu ni ya kuchomoka, zimeni laptopu, chomoeni chaja, toeni betri, pangusini meno kwa kitambaa kikavu chenye spiriti kidogo. Kikauke ndipo mrudishe.

4. Mwageni umeme uliobaki. Chaja ikiwa imechomolewa na betri imetolewa, finyeni kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika. Kisha chomekeni chaja peke yake. Ikiwaka vizuri bila betri, laptopu ni nzima, na mshukiwa ni betri. Isipowaka, na chaja mmehakikisha ni nzima, betri mpya haitasaidia. Nendeni kwa fundi.

5. Iulizeni laptopu yenyewe. Kwenye Windows, andikeni cmd mahali pa kutafutia, fungueni, kisha andikeni powercfg /batteryreport na mfinye Enter. Itaandika ripoti na kuwaonyesha ilipoiweka. Humo tafuteni mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani ujazo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani ujazo wake wa sasa. Kwa mfano, ya kwanza ikiwa 44,400 na ya pili 19,980, betri imebaki na asilimia 45. Mtungi wa lita ishirini sasa wabeba lita tisa. Betri nyingi za laptopu hufika asilimia 80 baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500. Ikishuka chini ya nusu, anzeni kuweka pesa za nyingine.

Dalili mbili hupoteza watu. Ya kwanza: laptopu yaonyesha asilimia 30, ghafla yazima. Aghlabu seli moja imechoka kuliko wenzake, au kipimo kimepotea hesabu. Chajini mpaka ijae, tumieni mpaka ikaribie kuisha, mjaze tena, mara moja tu, kipimo kijisahihishe. Isipobadilika, ni seli. Ya pili: saa na tarehe zarudi nyuma miaka mingi kila laptopu inapokosa umeme. Hiyo mara nyingi si betri kubwa. Ndani mna betri ndogo kama sarafu, yenye jina CR2032 katika laptopu nyingi, ndiyo imekwisha. Bei yake ni ndogo, lakini madhara yake ni makubwa: mkopo wa mwezi huu waweza kuandikwa tarehe ya miaka kumi iliyopita.

HATARI: BETRI ILIYOVIMBA

Hapa tusifanye mzaha. Mkiona laptopu haifungi sawasawa, kibodi imeinuka katikati, au inayumba juu ya meza, huenda betri imevimba. Ndani mmejaa gesi, na yaweza kushika moto mkali. Zimeni. Msiichaji tena. Msiitoboe kutoa hewa, kama wengine wanavyofanya. Msiikandamize irudi mahali pake. Ipelekeni kwa fundi aitoe, na betri hiyo ikae ndani ya debe la mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na makuti, kuni na watoto.

Betri iliyokufa isitupwe jaani, wala chooni, wala baharini, wala isichomwe na takataka. Kusanyeni za vikundi kadhaa pamoja, kila moja meno yake yamefunikwa kwa utepe, mzipeleke kwa wanaokusanya vifaa vya umeme vilivyochakaa. Huko Nairobi iko WEEE Centre inayofanya kazi hiyo.

MKINUNUA NYINGINE

Nendeni na betri ya zamani mkononi. Linganisheni nambari ya betri yenyewe, si jina la laptopu tu, na volti zilingane. Jihadharini na betri ya bei ya kutupa inayojisifu kuwa kubwa mara mbili ya ile ya kiwandani na umbo ni lile lile. Betri ya mtumba nayo si mpya hata ikisafishwa. Dai risiti yenye muda wa dhamana. Kisha, kabla hamjatoka dukani, toeni ile ripoti ya cmd. Betri mpya ikionyesha asilimia 60, mrudishieni hapo hapo.

Na stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, chomoeni chaja. Umeme ukirudi huja kwa kishindo. Ngojeni dakika chache ndipo mchomeke.

HESABU ZETU ZIKO WAPI?

Sasa tumefika kwenye kiini. Katika matembezi yetu tumekuta kikundi kilichokaribia kuvunjika. Siku ya kugawana akiba, laptopu ilizima katikati ya hesabu. Ilipowashwa baadaye, malipo ya wanachama wanne hayakuonekana. Manung'uniko yakaanza: katibu amefuta, katibu amekula. Mama mmoja alilia hadharani, maana fedha zile zilikuwa karo ya mtoto. Kumbe katibu alikuwa ameandika tangu asubuhi bila kuhifadhi. Betri ikakata, na kile ambacho hakijahifadhiwa kikapotea. Kilichowaokoa ni karatasi za M-Pesa na kadi za wanachama. Walikaa siku mbili wakaandika upya, na kila mtu akapata haki yake. Lakini yule katibu, mtu mwaminifu, alikaa siku mbili akitazamwa kama mwizi.

Basi tuelewane. Betri haibebi hesabu. Hesabu zilizohifadhiwa ziko kwenye diski, na betri ikifa zabaki pale pale. Mtu asiwaambie kwamba betri mpya itafuta kumbukumbu. Kinachopotea ni kile kilichokuwa kikiandikwa na hakijahifadhiwa. Kwa hiyo katibu ahifadhi kila anapomaliza jina moja. Kila mwisho wa mkutano nakala iwekwe kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, si kwa katibu. Na kitabu cha mkono kisiachwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Laptopu ni daftari la pili. La kwanza bado ni lile lisilohitaji stima.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Laptopu yetu hukaa wapi mchana? Je, mahali hapo pana joto kiasi gani?
2. Nani kati yetu ataitoa ile ripoti ya betri na kuisoma mbele ya wanachama wote kila miezi sita?
3. Laptopu ikizima leo katikati ya mkutano, tutapoteza nini? Nakala iko kwa nani?
4. Tunaweza kuweka shilingi ngapi kila mwezi, ili betri ikichoka tusichangishane ghafla?

Nendeni mkajadiliane, na mkutano ujao mje mtueleze mlichokikuta.