Kuuona Mshipa Kabla ya Kuchoma Sindano

*Mazungumzo ya muuguzi mkufunzi wa wodi ya watoto mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, waliokutana kujadili ombi la mashine ya altrasaundi.*



Nimeombwa nieleze kwa nini wauguzi wa wodi ya watoto wanaomba altrasaundi, wakati wengi wetu tunaifahamu kuwa mashine ya kuwapima akina mama wajawazito. Swali hilo ni la haki, kwa sababu fedha zinazozungumzwa hapa ni sadaka za watu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mtoto aliyelazwa akiwa na hali mbaya mara nyingi huhitaji dawa, maji au damu kupitia mshipa. Muuguzi humwekea kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaoingia pamoja na sindano na kubaki ndani ya mshipa baada ya sindano kutolewa. Kwa mtu mzima mwenye mikono ya kazi, mishipa huonekana kwa macho. Kwa mtoto mdogo sivyo. Mshipa wake ni mwembamba na umefunikwa na mafuta. Akiharisha na kupungukiwa maji, mshipa husinyaa. Na mtoto mwenye selimundu, ambaye amelazwa mara nyingi, mishipa yake mizuri huwa imekwisha kuchakaa kwa kuchomwa. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, hivyo hatuzungumzii watoto wachache.

Muuguzi hufunga mpira mkononi, hupapasa kwa kidole, kisha huchoma kwa kukisia. Akikosa, hujaribu mkono wa pili, halafu mguu, halafu kichwani. Wakati huo mama amemshika mtoto anayelia, na dawa inasubiri kwenye trei. Kila mchomo ni maumivu, ni mlango wa vijidudu, na ni dakika zinazopotea.

Altrasaundi inasaidiaje? Mashine hutuma mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo yanaporudi, mashine huyageuza kuwa picha. Haitumii mionzi kama eksirei. Kwenye picha, mshipa huonekana kama duara jeusi. Muuguzi akibonyeza kidogo, vena hubonyea na kujifunga, lakini ateri hudunda na haibonyei kwa urahisi. Hivyo ndivyo anavyoitambua mishipa hiyo. Kisha huingiza sindano taratibu huku akiifuata ncha yake kwenye kioo, mpaka iwe ndani ya duara lile. Kazi ngumu ni hiyo ya kuiona ncha. Asiyefundishwa anaweza kuona sehemu ya katikati ya sindano akadhani ni ncha, kumbe ncha imekwisha kutoboa upande wa pili wa mshipa.

Je, kuna ushahidi? Katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, nchini Marekani, watoto 167 waliotazamiwa kuwa na mishipa migumu waligawanywa bila upendeleo katika makundi mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Katika kundi la altrasaundi, watoto 85 katika kila 100 walipata kanula kwa mchomo wa kwanza. Katika kundi la njia ya kawaida walikuwa 46 katika kila 100. Aidha, kanula zilizowekwa kwa altrasaundi zilidumu siku nyingi zaidi. Lakini naomba tuzingatie jambo moja: waliotumia mashine hiyo walikuwa wamefundishwa kwanza. Mafanikio yale hayakuletwa na mashine peke yake.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliohesabu vifaa vya tiba katika hospitali za nchi 16 zenye uwezo mdogo. Ilionekana kuwa takribani asilimia 38 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Sababu zilizotajwa zilikuwa upungufu wa mafunzo, usimamizi hafifu wa vifaa, na miundombinu duni. Nani kati yetu hajaona mashine ya msaada imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba? Aliyeitoa alitoa kwa moyo mweupe, ila hakuna aliyeuliza nani ataitumia keshokutwa.

Hivyo basi, mkiamua kuchangia, naomba mchangie mambo manne kwa pamoja.

Kwanza, kichwa cha mashine kinachofaa. Kile cha kupimia wajawazito kimepinda na hutazama ndani sana, wakati mishipa ya mtoto iko karibu na ngozi na huhitaji kichwa bapa. Zipo mashine zinazopokea vichwa vya aina zote mbili. Kabla ya kununua mashine mpya, fundi wa vifaa tiba aikague kwanza tuliyo nayo. Huenda tukahitaji kichwa tu.

Pili, muda wa wauguzi. Kujifunza hakuishi kwa semina ya siku moja yenye posho na chakula cha mchana. Muuguzi huanza mazoezi kwenye nyama ya kifua cha kuku iliyopitishiwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ambayo hata parokia inaweza kuigharimia. Baadaye hufanya kwa mgonjwa chini ya uangalizi, mara nyingi, mpaka mkono na jicho vizoeane. Wakati wote huo lazima awepo mwenzake wa kushika zamu yake. Gharama hiyo haipigwi picha siku ya makabidhiano, lakini ndiyo inayoifanya mashine iwe na faida.

Tatu, vifaa vinavyokwisha: jeli safi isiyo na vijidudu, vifuniko vya kichwa cha mashine, dawa ya kukisafishia baada ya kila mtoto, na kanula zenye urefu unaofaa. Ile kanula ya njano, namba 24, ina urefu wa milimita 19 hivi. Ukiiweka kwenye mshipa ulio ndani zaidi, sehemu kubwa huishia njiani, na mtoto akijigeuza huchomoka.

Nne, daftari. Kila mtoto aandikwe: alichomwa mara ngapi, na kanula ilidumu siku ngapi. Tuanze kuandika sasa, kabla mashine haijafika, ili baada ya mwaka mmoja tuwaonyeshe wafadhili kilichobadilika kwa hesabu badala ya kuwashukuru kwa maneno tu.

Nisiwadanganye pia kwamba mashine hii itamaliza kila shida. Mtoto anayeharisha lakini anaweza kunywa, mara nyingi anatibiwa kwa ORS na zinki bila dripu. Na mtoto anayekata roho hasubiri mtu atafute picha. Mshipa usipopatikana haraka, ipo sindano maalumu inayoingizwa kwenye mfupa wa mguu, nayo huokoa maisha. Altrasaundi ni kwa ajili ya mtoto aliye kati ya hao wawili, yule ambaye leo anachomwa mara nne au tano.

Ombi langu la mwisho linaweza kuwashangaza, kwa kuwa natoka katika wodi hiyo inayoomba. Kama fedha zilizopo zinatosha mashine peke yake, tusinunue bado. Tuziweke mpaka zitoshe mashine pamoja na mafunzo. Wauguzi wako tayari kusubiri miezi michache zaidi, kuliko kupokea kifaa ambacho hawatakuwa na ujasiri wa kukigusa.