Mtoto Katika Foleni ya Kura

(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, Kenya)



Akina mama wametuuliza kama yafaa kwenda na mtoto mdogo kupiga kura. Twajibu kwamba yafaa, mahali penye utulivu. Lakini yatupasa kujua tunampeleka kuona nini.

Wazee miongoni mwetu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988. Wapiga kura walipanga mistari hadharani, kila mstari kwa mgombea wake, na hata mtoto aliyesimama kando ya uwanja alimwona baba yake yuko upande gani. Kisha, mahali kadhaa, mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Watoto wale walijua kuhesabu. Viongozi wa makanisa hawakunyamaza, na mwaka 1992 tulipiga kura ya siri.

Siri hiyo mtoto na aione ikiheshimiwa. Aliye mkubwa kidogo aweza kungoja hatua chache, akaelezwa kwamba pale kila mtu husimama peke yake. Afisa msimamizi wa kituo akisema mtoto abaki nje, na atiiwe. Wala asitokee jirani wa kumchimba mtoto kwa peremende ili aseme mama alimchagua nani.

Lakini linalotusumbua zaidi ni hili. Agosti 2017 iliripotiwa kwamba huko Mombasa watu waliazimana watoto wachanga ili wapitishwe mbele ya foleni, hata maafisa wakaanza kuwapaka watoto wino kidoleni. Wengi walicheka. Sisi hatukucheka sana. Nafasi ile ni ya mama anyonyeshaye, mjamzito, mzee na mwenye ulemavu, kwa kuwa jua ni kali na foleni ni ndefu. Aazimaye mtoto humpokonya nafasi bibi mwenye mkongojo. Ni uongo uliofungwa mgongoni kwa kanga! Na mtoto wa miaka minne anayeambiwa amwite mgeni "mama" mpaka wavuke mlango, huyo anaelewa kabisa anachofundishwa. Vivyo hivyo yule aliyeziona noti zikipokewa nyumbani usiku wa kuamkia uchaguzi: safari ya asubuhi haitamfuta macho.

Basi mwenye mtoto wake na aende naye, achukue maji na uji, na fujo ikianza amrudishe nyumbani kwanza. Ndani kuna karatasi sita na masanduku yenye vifuniko vya rangi sita. Mtoto ataweza kutambua ipi yaingia wapi. Kura za urais zikisha kuhesabiwa, matokeo ya kituo hubandikwa mlangoni katika Fomu 34A. Kama mtoto amekwisha kujifunza kujumlisha, mrudisheni kesho yake. Ajumlishe tarakimu zile mwenyewe, aziandike kwenye daftari lake, ndipo asikilize redio pamoja nanyi.