Jembe, Kodi na Safari: Yale Wayakumbukayo Wazee wa Mbeya



Leo hatukuja kuzungumza habari ya uchaguzi wala ya michango. Twataka kuzungumza habari ya wazee wetu wa Mbeya, wa Rungwe, wa Chunya, wa Mbozi na wa Usangu, pamoja na jirani zao wa Njombe na Iringa. Nia yetu si kuwasifu tu, maana sifa haijazi kibaba. Nia yetu ni kuuliza: yale waliyoyaona na kuyatenda yako wapi, na ni nani anayeyatunza?

Tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile bendera yetu ilipopandishwa, tarehe 9 Desemba 1961, sasa amekwisha kupita miaka 80. Wale waliobebeshwa mizigo katika vita ya 1914 hata 1918 wamekwisha wote. Wale waliolipa kodi kwa Mdachi wamekwisha wote. Tumebakiwa na maneno waliyowaachia watoto wao, na watoto hao ndio wazee wa leo. Kwa hiyo shauri hili halina kesho nyingi.

Wako watakaosema: "Mambo ya kale yatatufaa nini? Sisi twataka maendeleo." Tusiwakasirikie. Lakini kabla ya kuwajibu, tutazame mambo matatu ambayo kila mzee wa huku anaweza kuyasimulia: jembe, kodi na safari.

Kwanza jembe. Wazee wetu walipokea kwa wazazi wao ya kwamba zamani jembe halikununuliwa dukani. Wakinga, huko kwenye milima yao juu ya Ziwa Nyasa, walikuwa mafundi wa chuma. Walifua majembe na mikuki, wakayateremsha Unyakyusa na kubadilishana kwa chakula. Chumvi ilitoka Ivuna, upande wa Rukwa. Watu walijua nani anatengeneza nini, na njia za biashara zilikuwa njia za miguu.

Kisha Mdachi alikuja na rupia yake, na tangu mwaka 1904 rupia moja ikawa hela 100. Baada ya vita akaja Mwingereza na shilingi ya Afrika ya Mashariki, nasi tukapata shilingi yetu wenyewe mwaka 1966. Rupia imekufa, lakini hata leo mtoto akimwomba baba yake "hela ya daftari," atumia neno la Mdachi asijue. Mwaona jinsi mambo ya kale yanavyokaa kinywani mwetu.

Pamoja na fedha yalikuja majembe ya ng'ambo, na mioto ya wahunzi ikazimika mmoja mmoja. Baada ya Uhuru tulijenga kiwanda cha Zana za Kilimo hapa Mbeya, kile kilichoitwa ZZK, ili jembe la mkulima litoke tena mikononi mwetu. Wako wazee waliofanya kazi humo, na wengine katika kiwanda cha nguo cha Mbeya Textile. Viwanda hivyo vikaja kusimama, na madukani yakajaa tena majembe ya kutoka nje. Basi kijana akituuliza leo kwa nini hatutengenezi hiki wala kile, jawabu lisianze na maneno ya vitabuni. Lianze na mzee aliyesimama mbele ya mashine ile, aseme ilikwendaje na ilisimamaje.

Pili kodi. Serikali ya Mdachi iliweka kodi ya nyumba mwaka 1897. Mwingereza naye akatoa sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha taslimu. Haya, mtu aliyeko Umalila au Undali, mwenye ndizi, maharagwe na kondoo, fedha ataitoa wapi? Ilimpasa auze nguvu zake. Kwa hiyo tukisikia ya kwamba watu wa milima hii "walipenda kusafiri," tujue safari nyingi zilianzia kwenye stakabadhi ya kodi.

Wengine walikwenda karibu, kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya. Mji wa Mbeya wenyewe ulianza mwaka 1927 na kukua kwa ajili ya dhahabu hiyo. Wengine waliandikwa kuwa manamba wa kwenda mashamba ya mkonge, na tangu mwaka 1944 uandikishaji huo uliendeshwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu. Huko mkongeni mtu alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, na siku isiyowekwa alama na nyapara haikuhesabiwa. Na wengine, hasa vijana wa Unyakyusa, walikwenda mbali zaidi kwa njia ya Wenela, mpaka kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini.

Habari ya Wenela yafaa tuisimulie kwa pande zake zote. Waliorudi walirudi na mablanketi, baiskeli, cherehani, na fedha ya kununua ng'ombe wa mahari. Kijana asiyekwenda alionekana bado hajakua. Lakini walirudi pia na kikohozi cha vumbi la mwamba, na wengine hawakurudi. Nyumbani mke alilima peke yake, akazika peke yake, akalea peke yake. Barua ilipofika, ikiwa hajui kusoma, ilimbidi aende kwa mwalimu au kwa mtu wa misheni asomewe. Siri ya mume na mke ikawa ya watu watatu. Habari ya namna hii haimo katika hesabu za kampuni. Imo katika vifua vya mabibi zetu.

Baada ya Uhuru serikali yetu ilikomesha uandikishaji wa Wenela. Watu walishangilia, ingawa wako waliouliza: "Sasa fedha ya mahari itatoka wapi?" Hayo yote ni kweli, nayo yaandikwe yote.

Na sasa sikilizeni jambo ambalo si la kale. Mwaka 2019 mahakama ya Afrika ya Kusini ilithibitisha mapatano ya makampuni sita ya dhahabu, ya kuwalipa wachimbaji waliougua mapafu kwa vumbi pamoja na jamaa za waliokufa. Lakini mapatano hayo ni kwa waliofanya kazi tangu tarehe 12 Machi 1965 na kuendelea mpaka Desemba 2019. Aliyeshuka mgodini mwaka 1955 na kurudi Tukuyu mwaka 1960 hamo katika mapatano hayo, hata kama vumbi lilikuwa lile lile na kifua ni kile kile. Hatusemi ya kwamba daftari letu litabadilisha hukumu. Twasema ya kwamba mtu ambaye habari yake haikuandikwa ni rahisi sana kuachwa nje ya hesabu, na aliyeachwa mara moja kwa karatasi ataachwa mara ya pili kwa kusahauliwa.

Tena tuseme ukweli hata pale unapotuelekea sisi wenyewe. Kodi ya kichwa haikuondoka na Mwingereza. Wazee wengi wakumbuka kodi ya maendeleo na jinsi mgambo walivyokuja alfajiri, wanaume wakakimbilia porini wakiwa bado na usingizi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, miaka 42 baada ya Uhuru. Mzee asimuliapo habari hii tusimkatize.

Tatu safari. Mwanzoni ilikuwa miguu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na Zambia ikabanwa. Mafuta na shaba vikapita hapa kwetu, katika barabara ambayo masika ilikuwa tope na kiangazi vumbi, na malori yaliyoanguka mabondeni wazee bado wanayahesabu. Bomba la mafuta lilikwisha mwaka 1968. Barabara ya lami ikafuata, kisha reli.

Reli ya Uhuru ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa mwaka 1976. Ni kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Sehemu iliyokuwa ngumu kupita zote ni ile ya toka Mlimba kupanda hata Makambako, yenye mahandaki na madaraja katika mabonde ya milima yetu hii. Vijana wetu kwa maelfu walifanya kazi pamoja na Wachina, na baadhi ya Wachina hao wamelala Gongo la Mboto katika makaburi ya wataalamu wao, mbali na kwao. Mzee aliyepasua mwamba ule bado yuko hai leo, pengine ni jirani yako. Je, umepata kumwuliza? Watoto wa shule wajua urefu wa reli, lakini hawajui ni chakula gani kililiwa kambini, wala jinsi mtu wa Njombe alivyosemezana na mtu wa China pasipo lugha moja.

Ndugu zetu, wako watu wa namna mbili wanaoharibu kumbukumbu. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Huyo amesahau miaka ya nzige ya 1930 na kitu. Amesahau jiwe la kusagia lililomwinamisha mama tangu usiku wa manane. Amesahau kuhamishwa kwenda vijijini katika miaka ya 1970, watu wakaacha migomba yao na makaburi yao. Amesahau miaka iliyofuata vita ya Kagera, tulipopanga foleni kwa kipande cha sabuni na kilo ya sukari.

Wa pili ni yule asemaye kwamba zamani hapakuwa na kitu. Huyo naye amesahau. Ni katika miaka ile ile ya 1970 mama aliyesomewa barua na wengine aliingia darasa la kisomo cha watu wazima, akatoka anaweza kuandika jina lake na kusoma mizani asipunjwe. Ni miaka ile ile mahindi yaliponunuliwa kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa mbali akaona faida ya kulima, na mikoa ya Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma ikalisha taifa. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima walijua tofauti yake kwa magunia.

Mzee mwenyewe hana ugonjwa huu. Ukimpa nafasi atakuambia yote mawili kwa pumzi moja: tuliteseka, na tulijenga. Sisi ndio tunaotaka kuchagua nusu.

Liko na jambo la heshima. Wanyakyusa walikuwa na desturi ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao wenyewe, kula pamoja na kutembeleana kwa mama wa huyu na wa yule. Neno lao la kukaa vema na wenzio ni ukwangala. Ardhi ilipobana na safari zilipozidi, vijiji vya namna hiyo vikatoweka. Leo mzee ameketi kizingitini, rika lake wamekwenda, wanawe wako Dar es Salaam na Tunduma. Twajua ya kwamba taifa lina Sera ya Wazee tangu mwaka 2003. Twajua pia ya kwamba ndugu zetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Huku Bara mkulima aliyelisha nchi kwa mikono yake bado autegemea mfuko wa mwanawe. Tukikusanya habari za kazi ya wazee, tutakuwa pia tumekusanya ushahidi wa deni letu kwao. Haifai kumwita mtu "hazina ya taifa" mchana na kumlaza na njaa usiku.

Basi tufanye nini? Tusingoje fedha za mtu. Kila tawi, kila shule, kila kwaya itafute madaftari mawili na vijana wawili wenye mwandiko mzuri. Simu zenu za mkononi zitumike pia kunasa sauti. Waende kwa wazee, wanaume kwa wanawake, Wasafwa kwa Wasangu, Wanyiha kwa Wandali, Wabena kwa Wahehe. Mzee aseme katika lugha aliyonyonya kwa mama yake, na tafsiri ifuate.

Wamwulize: jembe lako la kwanza ulilipata wapi na kwa bei gani? Kodi ya kwanza uliilipa kwa kazi gani? Ulisafiri wapi, na nyumbani alibaki nani? Ni kitu gani kilichokuwapo ambacho ungependa kirudi, na ni kipi usingependa mjukuu wako akione? Ikiwa hajui mwaka, msimcheke. Mwulizeni kama ilikuwa kabla ya nzige au baada yake, kabla ya reli au baada yake, nanyi mtaupata mwaka.

Mkikwisha kuandika, rudini mkamsomee yeye kwanza. Asahihishe. Aseme kipi kiandikwe na kipi kiachwe, maana habari ni yake. Nakala moja ikae shuleni, nyingine ikae kwake.

Penye wazee haliharibiki neno, walisema wa kale. Lakini hawakusema neno litajitunza lenyewe wazee wakiisha kuondoka. Kazi hiyo ni yetu, na daftari ni bei ndogo. Tuanze wiki hii.