Magazini za Risasi na Fidia kwa Wamiliki

California ilikataza kuuza magazini za bunduki zinazobeba zaidi ya risasi 10 tangu mwaka 2000. Mwaka 2016 wapiga kura wakakataza hata kuzimiliki, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kuwa katiba haijavunjwa. Wamiliki wa bunduki wanasema anayevamiwa nyumbani hachagui idadi ya wavamizi, na mhalifu hatasalimisha yake. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kule Tucson, Arizona, mwaka 2011, muuaji mwenye magazini ya risasi 33 aliua watu 6, na raia walimkamata pale tu alipojaribu kuweka magazini nyingine. Kwa ushahidi huo naunga mkono kikomo, hata kama wahalifu wengine watakikwepa.

Nisichokubali ni kumtaka aliyenunua kihalali asalimishe mali yake bila kulipwa. Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, iliwalipa wamiliki wa bunduki zilizopigwa marufuku, ikachangisha fedha hizo kwa kodi ya muda. Wapo watakaosema hiyo ni gharama kubwa. Ni kweli, na inapaswa kubebwa na umma mzima, kwa kuwa usalama unaotafutwa ni wa wote.