Baba Akifia Kambini, Shamba la Nyumbani ni la Nani?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza kuhusu mirathi.

Naanza na kwetu. Baba yetu alifariki hapa kambini. Tulizika, tukalia, basi. Kifo chake hatukukiandikisha, kwa sababu tuliogopa mgao wa chakula utapungua. Miaka ikapita. Siku moja mjomba akapiga simu kutoka Fizi: baba mdogo ameuza shamba la baba. Aliwaambia wazee wa kijiji, "Kaka alikimbia na watoto wake, hakuna aliyebaki." Nasi tuko hai, watoto wanne, lakini hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba baba amekufa, wala kwamba sisi ni watoto wake. Mpaka leo ugomvi haujaisha.

Sheria inasemaje? Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawatanguliza watoto. Robo tatu ya mali ni yao, wa kike sawa na wa kiume. Mtoto wa nje ya ndoa naye yumo, ikiwa baba alimtambua kisheria akiwa hai. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo baba mdogo ana fungu lake, lakini shamba lote si lake. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtu akifariki, toeni taarifa, na mfuatilie cheti cha kifo. Pili, kila mtoto apate cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Tatu, wewe mzazi unayenisikiliza, kuandika wosia si kujiitia kifo. Uandike wote kwa mkono wako mwenyewe, weka tarehe, tia sahihi. Taja shamba liko wapi na limepakana na nani. Kisha mwambie mwenzako umeuweka wapi.

Najua mgao ukipungua inauma. Lakini unga ule tuliouogopea uliisha mwezi uleule. Shamba lingetungoja.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, waulize wazee wenu mipaka ya shamba lenu, na muiandike. Kwaherini.

(Muziki unapanda)